Majibu ya Siku ya Gulio

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Ilikuwa Biharamulo, katika ofisi yenye kompyuta moja tu, nayo ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya maharusi. Afisa Utumishi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa amesimama mlangoni kunizuia.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Viatu nje. Vumbi likiingia humu, mimi na wewe tutarudi kulima."

Nikavua. Kwa miaka mingi niliamini kwamba vumbi ndilo adui mkuu wa kompyuta, na hata sasa nimestaafu sijui kama yule mama alisema kweli au alitaka tu sakafu yake ibaki safi. Nawaambia mapema ninyi mnaosomea TEHAMA, msije mkadhani sisi wa zamani tulielewa kila tulichokishika. Mimi muda mwingi nilikuwa nimechanganyikiwa, ila nilichanganyikiwa nikiwa na bisibisi mkononi, basi watu wakaniheshimu.

Baadaye nilihamishiwa Ngara, nyumbani kwetu, chini ya Mkuu wa TEHAMA aliyekuwa mpole kwa watu na mkali kwa mashine. Alinipeleka hospitali moja nikatunze seva, yaani kompyuta inayohifadhi taarifa na kuzigawia kompyuta nyingine. Ndiye aliyenifundisha habari za kiini. Kiini ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, ile inayogawa kumbukumbu na kuamua nani afanye kazi lini.

"Wewe kiini usikiguse," aliniambia. "Programu ikikorofisha, mtu mmoja analalamika. Kiini kikikorofisha, hujui hata alalamike nani."

Sikukigusa. Walikigusa wenyewe watu wa ofisi ya kanda, na kwa nia njema kabisa. Seva yetu ilikuwa ndogo, ya kutumia umeme kidogo, na ilikuwa imeanza kukokota miguu. Kumbukumbu ya kompyuta hukatwa vipande vinavyoitwa kurasa. Kurasa zikiwa ndogo huwa nyingi mno, na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, hupoteza muda ikitafuta kipi kiko wapi. Basi wakatuletea kiini kipya kinachotumia kurasa kubwa, ukurasa mmoja ukimeza eneo la mamia ya zile ndogo. Seva ikawa nyepesi. Mganga Mfawidhi, aliyekuwa mkuu wa hospitali yetu, alikuja mwenyewe hadi ofisini kwangu kunishukuru, na mimi nikapokea shukrani ambazo hazikuwa zangu.

Kisha vituko vikaanza maabara. Mtaalamu wetu wa maabara alikuwa Adelina, binti wa Kanazi, msafi na mbishi, ambaye aliniita dada ingawa ningeweza kuwa shangazi yake. Mashine yake ya kupima damu ilituma majibu moja kwa moja kwenye seva. Siku moja akaja mama mjamzito kutoka Murukulazo, mhamiaji wa Kisukuma ambaye sote tulimwita Mama Kabula. Majibu yakasema damu yake imekwisha karibu yote, aongezewe upesi. Adelina akamtazama ndani ya kope, akamtazama viganja, vyote vyekundu.

"Mayu," alimwita mama kwa Kisukuma chake, "umefikaje hapa?"

"Kwa miguu. Na mtoto mgongoni."

Adelina akampima upya kwa mkono, kwa njia ya zamani. Damu ilikuwa tele. Namba zile zilikuwa za mgonjwa aliyemtangulia, ambaye wakati huo alikuwa njiani kurudi nyumbani na karatasi yenye namba za mwingine, inayosema ni mzima. Wakamkimbilia kwa pikipiki, wakampata, akaongezewa damu akapona.

Likatokea tena, na tena. Jina ni lako, namba ni za mwenzako. Nikakaa kwenye seva na vifaa vyangu vyote vya ukaguzi vikiwa vimewashwa, nikachungulia kila jibu linapoingia. Sikupata kosa hata moja. Nikiondoka, kosa linarudi. Nikirudi, linaondoka. Nilianza kujiuliza kama ni mimi ninayerogwa au ni mashine.

Mganga Mfawidhi alituita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameogopa.

"Ni ama mashine, ama mtu," alisema. "Mama Leokadia, mashine umesema ni nzima?"

"Kila nikiitazama ni nzima, daktari."

"Basi amebaki mtu."

Adelina hakulia. Alinitazama mimi, si daktari, na macho yale yaliniuma. Aliambiwa kwamba mtu wa kanda atakuja kukagua, na akiondoka bila kuona ubovu wa mashine, Adelina atasimamishwa kwa kuchanganya damu za watu. Nilitoka pale kichwa kikiwa kimejaa moshi. Kwa maneno yangu ya kweli nilikuwa nimemsukuma binti wa watu nje ya kazi yake.

Wagonjwa nao walikuwa na lao. Akina mama wa vijijini walianza kukataa kupimwa siku za kawaida. "Mimi nitarudi siku ya gulio," walisema, na kweli walirudi, wakiwa na ndizi zao za kuuza kichwani. Walidai siku ya gulio damu hutoa majibu ya kweli. Mimi nilicheka. Niliwaambia damu haijui soko.

Mhandisi wa Mifumo alipofika kutoka kanda, kijana mrefu wa Mwanza, nilimsimulia habari hiyo ili naye acheke. Hakucheka.

"Siku ya gulio hapa kunakuwaje, mama?"

"Kunajaa. Kila anayekwenda sokoni anapitia hospitali."

"Na siku nyingine?"

"Kimya. Nzi tu."

Akasimama. Aliniomba nizime vifaa vyangu vyote vya ukaguzi, niiache seva itulie yenyewe. Kisha akamwita Adelina, akakunja shati, akatolewa damu. Nami nikatolewa. Adelina akaingiza damu ya Mhandisi kwanza, halafu yangu. Tukasubiri. Likaja jina lake na namba zake. Likaja jina langu, Leokadia, na chini yake namba zilezile za yule kijana, hadi tarakimu ya mwisho. Nilisoma mara mbili. Kwa dakika ile sikuwa na hakika mimi ni nani.

Adelina ndiye aliyekaa chini. "Si mimi," alisema. "Dada, umeona? Si mimi." Hapo ndipo alipolia.

Mhandisi alinieleza, nami nawaeleza nilivyoelewa. Prosesa haipendi kwenda kumbukumbuni kila mara, ni mbali. Hubaki na nakala ya karibu, kwenye kijisehemu kiitwacho kache, kama unavyoweka chumvi jikoni badala ya kuifuata ghalani. Sasa mashine ya maabara iliandika majibu mapya kumbukumbuni moja kwa moja, bila prosesa kujua. Kwa hiyo kiini hutakiwa kusafisha kache, yaani kuiambia prosesa itupe nakala ya zamani ikasome upya. Kiini kipya kilitoa amri hiyo, lakini kilisafisha kipimo cha ukurasa mdogo tu, na ukurasa sasa ulikuwa mkubwa. Kilifagia mlangoni kikasema nyumba yote ni safi. Jina la mgonjwa lilikaa pale mlangoni. Namba zilikaa vyumba vya ndani.

"Na gulio?" niliuliza.

"Kache ni ndogo, mama. Kazi zikiwa nyingi, vitu vipya vinasukuma vya zamani nje, inajisafisha yenyewe. Vifaa vyako vya ukaguzi navyo vilikuwa kazi. Ulipokaa kuangalia, wewe ndiwe uliyekuwa gulio."

Alirekebisha mstari mmoja, ule unaotaja ukubwa wa ukurasa. Nikakiweka kiini kilichorekebishwa kwa mikono yangu, na kosa halikurudi tena. Mganga Mfawidhi alimwomba Adelina radhi mbele ya wafanyakazi wote. Lakini akina mama hawakuhudhuria kikao kile. Siku za kawaida Adelina aliendelea kukaa peke yake na mashine yake, na siku ya gulio foleni ilifika getini. Nilijaribu kuwaeleza habari za kache. Mama Kabula alinisikiliza kwa heshima zote, mtoto wake mpya akinyonya, akasema, "Nimeelewa. Nitakuja siku ya gulio."

Nimestaafu sasa, nina migomba na magoti mabovu. Vijana huniuliza kazi ilinifunza nini, na mimi huona aibu kwa sababu jibu silijui vizuri. Nilijua mashine ni nzima kumbe mbovu. Nilijua wale akina mama wanapiga porojo kumbe wanasema kweli, na walipoendelea kusema, haikuwa kweli tena.

Juzi juzi daktari alitaka nipimwe damu. Nilijiandaa niende siku iliyofuata, siku tulivu, nisipange foleni. Asubuhi nikaona mvua, nikaahirisha. Kesho yake nikakumbuka palizi. Mwishowe nikajikuta kwenye benchi la maabara nikiwa nimebanwa kati ya wanawake wenye vikapu, na ndipo nilipogundua ni siku gani.

Adelina, ambaye sasa ana mvi mbili tatu, aliita jina langu. Alishika sindano, akaniangalia, akauangalia umati nyuma yangu.

"Hata wewe, dada?"

Nilikunja mkono wa gauni, nikamnyooshea mkono, nikatazama ukutani.