Dirisha Lililovaa Kaptula

Nakumbuka baridi ya mwezi wa sita mwaka ule, mwanangu, kwa sababu ndiyo iliyonitia adabu. Nilikuwa nimeolewa Nkunga, hata mwaka haujaisha, na kijiji chetu cha ujamaa bado kilinukia matofali mapya. Viongozi walitaka nyumba bora zenye madirisha makubwa, na baba mkwe wangu akajengewa yake. Nzuri kweli, ila vioo hatukuwa navyo. Dirisha la chumbani kwake lilizibwa kwa mbao mbili zilizoachana, na ukungu ukishaingia humo hautoki.

Mzee alisumbuliwa na kifua. Siku moja akamwambia mama mkwe kwamba Jumapili ikimkuta bado anatetemeka, anarudi kwenye kibanda chake cha zamani cha mianzi kule mlimani, kisicho na dirisha hata moja. Kule hakukuwa na jirani wa kumchemshia hata maji. Mama mkwe alilia jikoni, nami nikajitapa papo hapo: "Mama, nyamaza. Nitamshonea pazia nene la sufi, baridi isimguse."

Kushona nilijifunza Mpuguso, kwenye darasa la akina mama, na cheti changu nilikitundika juu ya kitanda. (Panya walikila baadaye, wala sikuwalaumu.) Nikanunua kitambaa cha marekani pale mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu mjini, shangazi yangu wa Kyela akaniletea sufi ya kujazia, nikaazima cherehani ya kikundi chetu cha akina mama. Kilichobaki ni vipimo.

Hapo lazima nikueleze, maana ninyi wa siku hizi mnakula meza moja na wakwe zenu. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Nikimsikia anakohoa njiani, nilijibanza kwenye migomba mpaka apite. Niingie chumbani kwake na futi? Thubutu!

Mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, nipe kamba nikupimie."

"Ndaga, asante Mama, ila usihangaike. Dirisha nimeliona kwa nje."

Kuliona nililiona, nikiwa nyuma ya migomba, nikalipima kwa macho. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu mwingine atie mkono kwenye kazi yangu. Nilitaka sifa zote ziwe zangu.

Nikatandaza sufi katikati ya vitambaa viwili, nikapiga mishono ya kukatana ili isishuke yote chini. Ijumaa mama mkwe akaenda kulitundika. Mimi nikasimama nyuma ya jiko, nimetega masikio, nasubiri kusifiwa. Kisha nikasikia sauti ya mzee, anasema na mkewe lakini kwa nguvu, ili nami nisikie: "Mwambie fundi amelivalisha dirisha kaptula!"

Lilikuwa fupi shubiri nzima chini, na pembeni mkono ulipita. Aibu niliyoiona siku ile siwezi kukueleza. Nililia kuliko mama mkwe alivyolia, maana Jumapili ilikuwa keshokutwa, na mzee alikuwa ameshaanza kufunga mzigo wake.

Jumamosi asubuhi mama mkwe akaniletea kamba ya mgomba yenye mafundo mawili. "Baba yako kapima mwenyewe," akasema. "Fundo hili ni upana, hili ni urefu. Anasema uongeze shubiri kila upande, maana kitu ukikijaza kinajikunja. Godoro lake la kwanza la majani alilikosea hivyohivyo, miguu ikalala nje."

Tukacheka mpaka uji ukamwagika. Marekani ilikuwa imekwisha, basi nikachukua kitenge changu cha harusi, chenye maua mekundu, nikakikata bila kusita. Nikafumua kingo, nikaunga vipande, nikajaza sufi tena. Safari hii mama mkwe alinishikia kitambaa, na kila nilipofika pembeni nilimuuliza. Jua halijazama, pazia likatundikwa, na ubao mwembamba ukatiwa chini ili upepo usilipeperushe.

Jumapili nikaamka, sisikii kikohozi. Mzee ameondoka! Nikakimbia mpaka chini ya dirisha lake, nikabandika sikio ukutani. Mwanangu, mzee alikuwa anakoroma! Nilicheka kwa sauti, nimejiziba mdomo lakini wapi.

"Nani huyo anacheka?" akauliza kutoka ndani. Mbio, migombani!

"Fundi wako," mama mkwe akamjibu.

"Mwambie ndaga fijo, asante sana. Na mwambie maua yamezidi." Kisha naye akacheka, kicheko kirefu kisichokatwa na kikohozi.

Alikaa katika nyumba ile mpaka mwisho wa siku zake. Uso wake sikuwahi kuutazama sawasawa, lakini kicheko kile nakijua hata leo, na nilimpenda.

Sasa wewe unakwenda kuanza nyumba yako, na mikono yako ni mizuri kuliko yangu. Kabla hujakata kitambaa, muulize anayelala chumbani. Mtu akikwambia "nipe kamba nikupimie", mpe. Na ukikosea, fumua mapema, ucheke, ushone upya.

Chukua kamba hii, mafundo yake bado yamekaza. Mungu akupe nyumba yenye joto, na mwenzio akorome humo mpaka uzeeni.