Kipande cha Mkonge Kilichotabiri Kimya cha Redio

Saa moja na nusu asubuhi. Fanueli Shekolowa anavaa visikilizio, anaita, na meli iliyoko mbali baharini inamjibu kwa milio mifupi na mirefu. Anatabasamu. Kando ya mashine kuna kipande kikuukuu, kadi ya kuhesabia siku za kazi ya mkonge.

Kipande hicho ndicho kilichookoa kazi yake katika kituo hiki cha simu ya upepo, yaani redio, Raskazone.

Fanueli, mwenye miaka thelathini na minne, alikata mkonge Muheza kwa miaka sita. Kila siku aliyomaliza kazi, karani alitia alama katika kimoja cha vyumba thelathini vya kipande chake. Kusoma alijifunza ukubwani, darasa la jioni la misheni, ndipo akaajiriwa hapa kutuma na kupokea milio.

Mwaka huu wa 1953 redio ilianza kunyamaza. Msimamizi, Bwana Mselem wa Pemba, alimshuku yeye.

"We mkata mkonge, umeichezea tena?" alifoka. "Ikinyamaza mara nyingine bila sababu, urudi shambani kwako!"

Fanueli alitoa kipande chake cha mwisho, kitupu, akachora vingine vitatu mfano wake. Kila redio iliponyamaza alianza kipande kipya, akitia alama kwa kila siku. Vyote vinne vikasema jambo moja: kimya kilirudi vikiwa vimebaki vyumba vitatu. Siku ishirini na saba.

"Darasani tulisoma kwamba jua nalo hujizungusha, mara moja kila siku ishirini na saba hivi," anasema. "Upande wake wenye dhoruba ukituelekea tena, hewa ya juu inayobeba milio yetu huvurugika."

Akahesabu kwenye kipande cha tano, akamwambia msimamizi: Jumatano redio itanyamaza, na sababu ni jua.

"Umekuwa mganga siku hizi?" Mselem alicheka.

Nyumbani Makorora, Fanueli alipiga magoti. Mkewe, Ruthi, bado anacheka. "Wenziwe huomba kazi iende. Huyu alimwomba Mungu redio ife!"

Jumatano, saa nne, milio ikafifia, ikakatika. Mselem mwenyewe alikagua kila waya. Zote nzima. Akapiga simu ya waya kituo cha Dar es Salaam. Nao walikuwa hawasikii kitu hewani.

Alivua kofia. "Ndugu yangu, nisamehe. Si wewe. Ni jua."

"Yeye akasema alhamdulillahi, mimi nikasema amina," Fanueli anakumbuka.

Sasa anataka kila kituo cha pwani kiwe na kipande chake. Kidole chake kinagusa chumba cha ishirini na saba cha kipande kipya: Jumanne, tarehe kumi Novemba.

"Simu zote tutazimaliza Jumatatu," anasema. "Jumanne jua na lipige kelele, halitamkuta mtu hewani."