Kadi ya Benki ya Mama Mdogo Ilikaa Kabatini Kwangu

Admin, nifichie jina. Humu kuna watu wa Bagamoyo wanaonijua.

Mimi ni mwanamke wa miaka 32, nina mume na watoto wawili, nauza juisi na barafu hapa Dunda. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na mdogo wake kule Miono pamoja na mwanawe wa pekee, nimwite Shabani. Sikuwahi kubaguliwa. Hata sare za shule nilianza kununuliwa mimi.

Mama mdogo alipouza kipande cha shamba, mimi ndiye niliyempeleka benki kufungua akaunti. Hajui kusoma na simu hana, kwa hiyo tukaandika namba yangu, ujumbe wa benki ukawa unaingia kwangu. Dada wa benki alimwonya, "Mama, namba ya siri usimpe mtu, hata mwanao." Mama mdogo akacheka, akanishika bega: "Huyu ndiye macho yangu." Kadi akaniachia niitunze. Akihitaji hela anamtuma Shabani kwangu, namtajia namba ya siri, anatoa, kadi anairudisha.

Mwaka jana nilitamani friji kubwa la biashara. Mume wangu hakuwa na kazi. Nikajisemea naazima tu, nitarudisha kabla hajajua. Mara ya kwanza nilitoa nikigeuka nyuma kila mara. Mara ya tatu sikugeuka tena. Ujumbe ukiingia, naufuta. Friji likaja, mume nikamwambia ni hela za kikoba.

Mfungo ulipokaribia, mama mdogo akataka kuezeka nyumba upya. Tukaenda benki wote watatu, yeye, mimi na Shabani, tukaambiwa zimebaki elfu arobaini. Mama mdogo alikaa kwenye kiti palepale, akauliza, "Hiyo kadi mwingine aliyekuwa anaishika nani?"

Nikajibu, "Shabani ndiye alikuwa anakuja kuichukua."

Basi. Sikusema ameiba. Sikuhitaji kusema.

Shabani aliapa mpaka akalia. Mama yake akamwambia asikanyage kwake tena. Sasa anafanya vibarua Mbegani, mkewe amejifungua, na bibi hajamwona mjukuu. Mimi mama mdogo akija nampa maji ya baridi ya friji hilohilo, anakunywa, ananiombea: "Mungu akuzidishie, mwanangu." Naingia chooni, nafungulia bomba ili asinisikie nikilia.

Wiki iliyopita Shabani alinipigia. "Dada, najua ni wewe. Nilijua siku niliyoliona friji. Sijamwambia mama, maana akitukosa wote wawili atazeeka na nani?" Akakata. Hata kunitukana hakunitukana.

Jumatatu mama mdogo anakuja. Ameuza mananasi, anataka tukaweke hela, na jina la Shabani litolewe kwenye mrithi wa akaunti, liwekwe langu. Nimepata mtu wa kulinunua friji, ila hela yake haifiki hata nusu ya niliyochukua. Nikisema, nampoteza mama wa pili, pengine na ndoa. Nikinyamaza, nitakaa mbele ya yule dada wa benki na kuchukua hata nafasi ya mtoto niliyemfukuzisha kwao.

Nisemeni mnavyotaka, nastahili. Lakini nielekezeni, ndugu zangu: nimwambie mama mdogo tukiwa peke yetu kabla hatujatoka nyumbani, au nimwite kwanza Shabani, niyaseme mbele yake kama nilivyomchafua akiwepo?