Sista Kinyume na Wagonjwa Kumi

Jina hilo hakupewa na wazazi wake, alilipata wodini. Wakati wa janga, karatasi iliyoingia chumba cha wagonjwa waliotengwa haikutoka tena. Basi muuguzi huyu, kafunikwa nguo za kinga hadi kwenye kope, alipima presha na joto, kisha akaandika tarakimu kwenye kioo cha dirisha kwa maka peni, kinyumenyume, ili daktari aliyesimama nje asome sawasawa. Mkono ukazoea.

Janga likapoa, vishikwambi vya kujazia taarifa za wagonjwa vikaingia. Siku ya kwanza Sista alimpima mzee wa kitanda cha sita, akachomoa maka peni mfukoni na kuandika presha palepale juu ya skrini. Kinyume. Wodi ilicheka mpaka wenye mishono wakaomba huruma.

Matroni hakucheka. "Dada yangu, Ijumaa ujaze taarifa za wagonjwa kumi mwenyewe. Ukishindwa, stoo ya mashuka."

"Mashuka hayaumwi, Matroni. Nitaongea na nani huko?"

"Ndiyo ujifunze."

Miaka ishirini na sita na wagonjwa, halafu aende kuhesabu foronya? Jioni hiyohiyo akamnyang'anya binti yake simu, akaanza mazoezi.

"Mama, unabonyeza kama unatafuta mshipa."

"Mshipa ningeshaupata."

Ijumaa alianza saa mbili asubuhi, kidole kimoja, kama kuku anayedonoa. Wauguzi vijana wakamaliza, wakaenda chai, wakarudi; yeye yuko kitanda cha nne.

"Sista, njoo basi," mzee wa kitanda cha sita akamwita, "nitapona hujafika!"

Saa saba kasorobo akamaliza. Matroni akapekua taarifa za mgonjwa mmoja mmoja. Tarakimu zote sahihi. Akashuka kwenye nafasi ya maelezo, ambayo vijana huijaza "anaendelea vizuri" hata kwa mtu anayelia kwa maumivu. Sista aliandika: "Kitanda cha tatu anasema amekula. Chakula kiko kwenye droo." Na chini yake: "Wa tisa hakiri maumivu mbele ya mkewe. Mke akitoka, mgonjwa aulizwe."

Matroni akaenda kufungua droo. Sahani nzima, haijaguswa.

"Stoo itafute mtu mwingine," akasema. "Na Jumatatu uwafundishe hawa vijana kujaza maelezo."

"Kwa kidole kimoja?"

"Wao wanavyo kumi na hawaandiki kitu."

Chai ya Sista ilikuwa imepoa tangu saa nne. Akainywa yote, taratibu, kwa raha zake.