Tundu Lililokatwa kwa Kisu cha Jikoni

Kazi yangu kwa miaka minane imekuwa kugeuza tafiti za chuo kikuu kuwa kampuni. Nikiwaeleza hivyo watu wa kanisani kwetu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, wananitazama kama nimesema nauza upepo. Hawako mbali na ukweli. Kati ya kampuni zote nilizosaidia kuzaa, ninayoijua bado iko hai ni moja, nayo siku hizi inachapisha kadi za arusi.

Ofisi yetu iko Lilongwe. Mkurugenzi ni mtu wa suti za bluu ambaye hajawahi kuuza hata nyanya moja, lakini kila Jumanne anafundisha watu soko. "Tatizo ni fursa," husema, kwa uso wa mtu aliyejifungua wazo hilo asubuhi ileile.

Mhadhiri mmoja alibuni sanduku la mbao lenye kioo, la kukaushia mboga kwa jua. Kwenye karatasi zake lilifanya maajabu. Kwa kuwa najua Kiswahili, nilitumwa kulipeleka Dzaleka, nikampa mama mmoja wa Fizi, Kongo, mshonaji ambaye pia hukausha lengalenga, yaani mchicha, na kwenda kuziuza sokoni Madisi. Siku ya tatu mboga zilikuwa zimechemka na kunuka. Nilimpigia simu mhadhiri. Akasema mama hakufuata maelekezo.

Mama hakubishana. Alichukua kisu cha jikoni, akakata tundu upande wa juu, nyuma, akalifunika kwa kipande cha chandarua.

"Joto iko inaingia," aliniambia. "Sasa mvuke itatokea wapi?"

Baada ya siku mbili lengalenga zilikuwa kavu, na bado za kijani. Nikapiga picha, nikazituma ofisini, nikijiona mtu wa maana.

Michoro mipya ilipotoka, tundu lilikuwa limepewa jina refu la Kiingereza, na chini yake majina mawili: la mhadhiri na la mkurugenzi. Niliyaona, nikairudisha michoro mezani. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha.

Kisha ikaja siku ya mashindano ya kampuni changa, katika hoteli moja ya mjini. Mama aliletwa na gari la ofisi, amevaa kitenge alichojishonea. Mkurugenzi akamwita jukwaani, akamwomba aeleze jinsi sanduku lilivyobadilisha maisha yake. Mimi nilikuwa mkalimani.

"Sanduku yenu ilikuwa inaozesha mboga," mama akasema. "Hii shimo njo mi nilikata, na kisu yangu. Mbona munasema ni yenu?"

Nikawaambia kwa Kiingereza kwamba anawashukuru sana.

Ukumbi ukapiga makofi. Mama si mjinga: hakuna anayepigiwa makofi kwa maneno aliyoyasema yeye. Na soko la Madisi lilikuwa limemfundisha Chichewa, lugha ya wenyeji. Akaninyang'anya kipaza sauti.

"Sindinanene zimenezo," akasema, mimi sikusema hivyo, kisha akarudia yote kwa Chichewa, neno kwa neno.

Wahudumu wenye trei ndio waliocheka kwanza, halafu meza za nyuma. Mhadhiri alitazama viatu vyake. Mkurugenzi akasimama, akapiga makofi kuliko wote. "Mnaona? Hivi ndivyo tunavyowasikiliza watumiaji!" Majaji wakampa tuzo.

Njiani kurudi, mama aliniuliza, "Papa, ba bosi bako banakutishaka na nini?"

"Mama, unisamehe. Niliogopa kupoteza kazi."

"Kazi gani? Uongo hata batoto banaufanya bure."

Jumatatu nikamwomba mkurugenzi jina la mama liandikwe kwenye michoro. Akacheka. "Ni tundu tu."

"Kama ni tundu tu, liondoeni."

Hawakuliondoa. Kampuni iliyoanzishwa kuyauza masanduku haikufikisha masika ya pili, nayo yamerundikwa nyuma ya maabara, vioo vimepasuka. Dzaleka watu wanatengeneza ya kwao kwa mbao za mikaratusi na nailoni. Mama anamfundisha yeyote anayemwomba.

Mimi nilirefushiwa mkataba, nikausaini. Kwa hiyo ninapowadharau wale wa suti za bluu, najua ninakaa meza moja nao. Mama bado ananisalimu kanisani, vizuri kabisa, lakini akipata barua ya Kiingereza anampelekea mtu mwingine amsomee.