Mafuriko Yaliyowahi Kabla ya Zoezi

Hiki ninachoandika hamtakiamini, na sitawalaumu, maana hata mimi niliyekuwepo nikikikumbuka hucheka peke yangu, watu wakanihama kwenye benchi. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, tusibishane. Lakini macho ninayo.

Mwenye kisa ni shemeji yangu, mke wa mdogo wangu. Ni msusi. Saluni yake iko chini kabisa ya mtaa wetu, imepakana na mtaro mkubwa, na akishika kichwa cha mteja, mkono unasuka na mdomo unasuka. Mvua zilipoanza kuja bila adabu, ofisi ya maafa ya mji ikatoa sera mpya: kila mtaa wa bondeni ufanye zoezi la kuhama, afisa akitazama. Mtaa ukifika wote salama shuleni kule mlimani, unabaki, na mtaro unapanuliwa. Ukishindwa, nyumba zinavunjwa na watu wanapelekwa mbali huko, ambako shemeji angesuka nyasi. Tukamchagua yeye awe mkuu wa zoezi, kwa sababu ya sauti.

Basi alituendesha! Kila Jumamosi king'ora. Kila mtu na kazi yake: mdogo wangu na muuza nyama walibeba majeruhi juu ya mlango mkuukuu wa saluni. Majeruhi nilikuwa mimi. Msicheke, kuumia bila kuumia ni kipaji. Na shemeji alikuwa na ujanja wake: kila zoezi alimpanga kwa siri mtu mmoja awe mbishi, asimame njiani apige kelele, "Rudini, mnadanganywa!" ili tuzoee kutosikiliza mtu yeyote ila yeye. Tulizoea hasa.

Siku ya mtihani tuliambiwa zoezi litakuwa mchana. Afisa akaja asubuhi na tai yake, akaegesha gari pale penye shimo karibu na kalavati. Shemeji alikuwa na mteja, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Akachungulia dirisha la nyuma: mtaro umefura, maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapanda ukuta. Kwetu jua linawaka. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu. Akarukia king'ora.

Mtaa mzima ukasema, "Wametuvizia hawa!" Maji yalipomwagika barabarani, muuza nyama akasifu: "Leo wameleta na gari la zimamoto! Wakiamua, wanaamua." Mimi nikajilaza juu ya mlango wangu nikaanza kuugulia. Tukatoka kwa mstari, watu wanatabasamu, wanampungia afisa mkono ili awape alama.

Afisa mwenyewe alikuwa juu ya paa la gari, viatu mkononi. "Jamani, hili si zoezi! Hili si zoezi!"

"Mbishi wa leo kavaa tai!" akacheka yule mteja wa nusu kichwa.

"Anaigiza vizuri," nikasema, "ila anazidisha."

"Wewe majeruhi, nyamaza!" mdogo wangu akanikemea.

Nikamtupia jicho shemeji. Ndala zimezama, uso umemshuka. Yeye alikwisha jua. Akainua kipaza sauti: "Msimsikilize huyo! Mbele! Atakayegeuka nyuma ametufelisha!"

Baadaye nilimuuliza kwa nini alitudanganya. Akasema, "Shemeji, ningesema ni kweli, kila mtu angerudi kuchukua televisheni. Wewe ungeifuata ile redio yako mbovu." Redio si mbovu, inataka kofi tu.

Tulipofika shuleni ndipo tukageuka, tukaona mtaa umekuwa ziwa. Mteja wa nusu kichwa akakaa chini pale pale. Hakuna aliyetabasamu tena.

Nisiwaweke roho juu: afisa aliokolewa. Aliketi kwenye dawati la watoto, magoti yanagusa kidevu, na shemeji akamsimamia kama anayetaka kumnyoa.

"Mkubwa, tumefaulu ama tumefeli? Saluni yangu inavunjwa?"

"Dada, uliwaambia watu wasinisikilize!"

"Niliwaambia. Na wote hawa hapa. Hesabu."

Afisa akakamua tai, akatazama watu, akaanza kucheka hadi dawati likalia. "Mtaa unabaki. Mtaro tutaupanua. Ila mwaka ujao mbishi atafutwe mwingine."

Saluni ilijaa tope hadi kwenye vioo, lakini ipo, na ninaandika haya nikiwa nimekalia kiti cha wateja. Sasa, nani alimtoa afisa juu ya gari? Hapo ndipo ninapoingia mimi. Niliruka kutoka kwenye mlango, nikautupa majini, nikaogelea mkondo ukinipiga kifuani, maji shingoni, mkono mmoja nimemshika afisa, na wa pili nimemkaba mamba—

"Shemeji!" Kumbe yuko nyuma yangu anasoma, kitana mkononi. "Mamba gani mtaroni? Waliomtoa ni mume wangu na muuza nyama. Niliwaambia kumwokoa mbishi kuna alama za ziada, wakakumwaga kwenye tope wapate mlango. Maji yalikufika magotini, na wewe bado unaugulia!"

Sawa, nasahihisha. Yalinifika magotini. Lakini kumbukeni nilikuwa nimelala, na mtu akilala, magoti na shingo viko usawa mmoja, kwa hiyo ukipima vizuri—

"Futa, shemeji."