Skrubu za Hita ya Kichanga

Fundi umeme mmoja watu walimwita Kiguu na Njia, na hawakumwonea. Chai aliinywa amesimama. Ukimpa kiti atakalia ukingo tu, kama mtu aliyekalia siafu, na kabla salamu hazijaisha keshainuka kuchungulia soketi yako. Utulivu wake wote ulikuwa mikononi.

Siku hiyo alikuwa kwa shemeji yake, mjane wa marehemu kaka yake. Binti wa shemeji alikuwa amejifungua kabla ya miezi kutimia, na hospitali ilimruhusu kwa sharti kwamba mtoto asipigwe na baridi. Na nyumba ile ilikuwa na baridi ya kutafuna mifupa. Shemeji akanunua hita ya ukutani, akataka ichomekwe kwenye ekstensheni, pamoja na televisheni na pasi.

"Shemeji, unataka kumpa mtoto joto au kumchoma?"

"Wewe nawe! Umeme si umeme tu?"

"Hita inakula umeme kama ulivyokula ujana wa kaka yangu. Huo waya mwembamba utayeyuka."

Shemeji akamrushia kitambaa cha vyombo, huku anacheka.

Basi fundi akavuta waya mnene kutoka kwenye boksi kuu, akaupa swichi yake peke yake, akaunga na waya wa ardhi. Hita akaifunga mbali na pazia, mbali na kitanda cha mtoto. Kawaida yake, skrubu zote za kubania waya huzizungusha kwanza kwa vidole, kisha hurudi na bisibisi kuzikaza moja moja mpaka kiganja kigome. Alikuwa katikati ya mzunguko huo wa pili shemeji alipoita, "Chai inapoa!" Akaenda, akanywa, akarudi, akafunika hita, akawasha. Joto likatoka, mtoto akalala, fundi akaaga.

Njiani miguu ikaanza kusita. Skrubu za kwanza alikumbuka kuzikaza. Za mwisho… alichokumbuka ni chai. Na skrubu iliyolegea kwenye hita haipigi kelele. Hupata moto polepole, ikala plastiki ya waya, moto ukapanda ukutani. Akajiambia, umekaza bwana, tembea. Akatembea. Akasimama. Akageuka.

"Umesahau nini?" fundi viatu wa kando ya barabara akamuuliza.

"Sijui. Ndiyo shida yenyewe."

Shemeji alimpokea mlangoni, kidole mdomoni. "Kalala. Ukimwamsha utamnyonyesha wewe."

"Nataka kuifungua hita."

"Ina nini?"

"Labda haina kitu."

"Basi iache na hiyo labda yako."

Fundi akaenda kwenye boksi kuu, akazima swichi ya hita, akaingia chumbani. Mfuniko ulipobanduka, mtoto akaamka na kulia. Mama yake akamfunika kifuani kwake.

Skrubu ya kwanza imekaza. Ya pili imekaza. Ya tatu ikaifuata bisibisi bila kubisha hata kidogo, na plastiki ya waya hapo kando ilikwisha kuwa kahawia. Jasho likamtoka. Angeweza kuikaza kimyakimya, akafunika, akaenda zake. Mgongo wake ulikuwa umewaziba wote wasione.

"Haya, kuna kitu?" shemeji akauliza.

"Kipo. Hii sikuikaza. Niliiacha nikaenda kwenye chai."

Shemeji akasogea, akaitazama ile kahawia, akamtazama mjukuu, akamtazama na yeye. Fundi alingoja matusi, au hata utani. Havikuja.

"Mpeleke mtoto jikoni kwenye joto," shemeji akamwambia bintiye. Kisha akalivuta pazia lote kando, mwanga uingie. "Kata hapo palipoungua. Zote zifungue, uanze upya. Mimi nipo hapa hapa."

Akakata, akamenya waya upya, akaanza na ya kwanza. Kila alipoinua bisibisi, shemeji alinyoosha kidole.

"Hii?"

"Imekaza."

"Rudia."

Akarudia.